Kufika Mfangano kwa Tanga

Ukitaka kufika Mfangano, kisiwa cha Kenya katika Ziwa Viktoria, haraka, njia ipo. Panda matatu Kisumu hadi Luanda K'Otieno, vuka kwa feri hadi Mbita, halafu ingia katika boti ya injini pamoja na magunia ya unga, kreti za soda na watoto wanaorudi likizo. Ukiondoka asubuhi, jioni utakuwa Sena, kisiwani, unakunywa chai. Wenyeji wa kisiwa huitumia njia hiyo siku zote na mimi nimeipita mara nyingi. Safari hii nilikwenda kwa mashua ya tanga kutoka Dunga, ufuo wa wavuvi wa Kisumu, na nimerudi nikiamini kwamba anayekwenda kijijini kwa injini na anayekwenda kwa tanga hawafiki mahali pamoja, hata wakitia nanga ufuo mmoja.

Sababu ni upepo. Ziwa letu lina pepo mbili kwa siku, na aliyezijua amejua nusu ya uvuvi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa baridi ikateremka kutoka milima ya Nandi, ikapita juu ya mashamba ya Kano na kuingia ziwani. Huo ndio upepo unaowatoa wavuvi. Kukicha unaanza kulegea, na mnamo saa nne au saa tano unakufa kabisa. Nchi kavu ikishashika moto, unakuja mwingine kutoka magharibi, wa nguvu zaidi, na huo ndio unaowarudisha watu nyumbani. Kwa anayetoka Kisumu kwenda visiwani, maana yake ni moja: usiku unasafiri, mchana unaegesha. Ukishindana na upepo wa alasiri katika Ghuba ya Winam utabisha kutwa nzima, mara kaskazini mara kusini, na jioni Mlima Homa utakuwa bado uko palepale ulipouacha.

Kwa hiyo huchagui saa ya kufika. Unatua asubuhi iliyokomaa, wakati mashua za wavuvi nazo zinatua, ufuo umejaa watu na kazi. Na ukishatua huwezi kuondoka. Unakaa. Mgeni wa boti ya kasi huja saa sita, hupelekwa kwenye michoro ya mwambani, hupiga picha, na saa tisa ameshavaa koti la kujiokolea tayari kurudi. Simlaumu, muda wake ni huo. Ila hajawahi kuona kijiji kikifanya kazi yake, kwa sababu amefika wakati watu wamelala.

Mashua tuliyokwenda nayo ni ya mbao, ya mvuvi mzee wa Dunga ambaye nilimwita Nahodha tangu siku ya kwanza naye akaniita Mwalimu, kwani ndiyo kazi yangu. Mtu wa tatu alikuwa mpwa wake, kijana asiyesema sana, mwenye kazi ya kukumba maji kwa dumu lililokatwa na kuhamisha mifuko ya mchanga kutoka upande mmoja hadi mwingine kila tulipogeuza tanga. Tanga lenyewe lilikuwa limeshonwa kwa viroba, kiraka juu ya kiraka. Foromali, ule mti mrefu unaolishika tanga kwa juu, haukuwa mti mmoja. Ilikuwa miti miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu na kufungwa kwa mipira ya tyubu za baiskeli, iliyokatwa vipande vyembamba na kuzungushwa kwa nguvu hadi kifundo hakionekani. Nilimuuliza kwa nini asitumie kamba. Akanishikisha mkono pale penye kiungo upepo ulipovuma kwa nguvu. Foromali ilikuwa inapinda na mpira unapinda nayo. "Kamba ingekuwa imeshakata mti," akasema. "Mpira unasikiliza."

Tanga la namna hii, la pembetatu, lina safari yake. Watu wa ziwa hili walikuwa wajenzi hodari wa mitumbwi ya mbao kabla ya mgeni yeyote kutokea, na Buganda iliendesha vita vyake majini kwa makasia. Jahazi lilikuja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofika pwani ya kusini ya ziwa katika karne ya 19. Mmoja wao, Songoro, alikuwa Ukerewe akijenga jahazi lake mwaka 1877, ulipozuka ugomvi na mtawala wa kisiwa, Lukonge, akauawa pamoja na wamisionari wawili Waingereza waliokuwa upande wake. Halafu reli ilifika Kisumu Desemba 1901, meli za chuma zikatawala bandari, lakini wavuvi Waluo na Wasuba walilitwaa tanga lile, wakalipachika kwenye mashua zao, na wanalo mpaka leo. Mimi ni mtoto wa Kaloleni, mtaa wa Kisumu ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na nakiri moyo wangu hupata faraja kila nionapo tanga hilo likirudi Dunga. Ni kitu kilichopita mikono mingi na kila mkono ukakifanya chake.

Tuliondoka saa tisa usiku. Sehemu mbaya ya safari nzima ilikuwa ya mwanzo: kujipenyeza katika gugu maji kwa upondo, giza totoro, jani limeshikana hadi mashua inakwaruza kama inapita shambani. Gugu hili limetukaa kooni tangu miaka ya 1990 na wenye kulijua vizuri zaidi ni hawa wanaolisukuma usiku. Tulipolitoka, upepo ukatushika mgongoni na Nahodha akaniambia nikae karibu na mlingoti. Zamani mwanamke kama mimi hakukanyaga mashua ya uvuvi. Ilikuwa mwiko, na wako wazee ambao mpaka leo hawapendi. Nilimuuliza anaonaje. Alisema mama yake mzazi hakuwahi kupanda mashua maishani mwake ingawa alizaliwa na kufa hatua chache kutoka majini, na kwamba jambo hilo humuuma.

Sitaeleza kila kituo. Kulipokucha Kisiwa cha Ndere kilikuwa kulia kwetu na milima ya Homa kushoto, na upepo ulipokufa tulitua upande wa Uyoma, tukalala chini ya mti pamoja na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu. Usiku uliofuata ukatusogeza hadi Rusinga. Tulipita kaskazini yake, kwa sababu mlango mwembamba wa Mbita kwa miaka mingi uliziba kwa barabara ya mawe iliyounganisha kisiwa na bara, na daraja lililokuja kuchukua nafasi yake haliachi nafasi ya mlingoti. Rusinga ina mengi: kaburi la Tom Mboya, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na makorongo ambamo mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Siku nyingine nitaandika juu yake peke yake.

Kupita Rusinga ndiko kutoka ghubani. Mawimbi yanabadilika, yanakuwa marefu, na mashua inaanza kupumua. Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800, Kenya ikiwa na asilimia 6 tu, na ni hapo peke yake ambapo mwili unaelewa hesabu hiyo. Ukitazama magharibi hakuna ukingo. Mfangano unasimama mbele, mlima mtupu unaotoka majini, na upepo unaoteremka kwenye miteremko yake hupiga ghafla, kwa makofi. Nahodha alishusha tanga nusu kabla ya kofi la kwanza kufika. Aliliona likija juu ya maji, weusi mdogo ulionikwepa mimi kabisa.

Ufuo tulioutafuta uko upande wa magharibi, mbali na Sena. Jina lake naliacha. Wenyeji hawakuniomba niwatangaze. Mashua ikitua hapo, desturi ni kuangusha tanga mapema, mkaingia taratibu kwa kasia, ili watu wawaone na kuwatambua. Nahodha aliita salamu, "Oyawore!", na jibu likaja kutoka midomo mingi kwa pamoja. Mtu mmoja alikuwa ameshaingia majini hadi magotini. Tulikuwa tumembebea cherehani kutoka Kisumu, naye alikuwa amepigiwa simu na kuanza kungoja tangu jana. Baada ya cherehani kupokewa, kukaguliwa na kuzungushwa gurudumu mbele ya umati, ndipo tukaenda kwa mwenyekiti wa BMU (Beach Management Unit), kamati ya kusimamia ufuo. Kila ufuo wa wavuvi una kamati hiyo, kwa kanuni za mwaka 2007, na ndiyo serikali ya karibu kuliko zote. Aliandika majina, akatazama vitambulisho, akauliza tunakaa kwa nani. Nahodha akamtaja shangazi yake. Kitabu kikafungwa.

Shangazi huyo ni mama mzee ambaye kijiji kizima humwita Dani, bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Aliniita nyakwara, mjukuu wangu, kabla hajaniuliza jina. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa asubuhi hiyo hiyo, maana omena, dagaa wa ziwa hili, walikuwa wamefika na jua lilikuwa limewaka.

Omena wanatoka majini wakimeremeta, ndoo kwa ndoo, na saa za kuwakausha ni chache. Humwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa, halafu mtu anainama na kuwasambaza kwa kiganja kilicho wazi, vidole vimeachana, mkono ukienda kwa nusu duara mbele ya miguu. Ukibonyeza unawavunja. Ukiinua mkono mno wanabaki mafungu, na fungu likikauka juu huoza chini. Dani alinishika kifundo cha mkono akakiendesha yeye mwenyewe mpaka kikajua. Wakati huohuo vidole vyake vingine vilikuwa vinachopoa vitu: konokono, kipande cha jani, fulu, samaki mdogo wa asili wa ziwa, aliyeingia wavuni. Mchanga ndio adui mkubwa. Omena mwenye mchanga hanunuliwi na mama wa mjini. Huenda kiwandani akawa chakula cha kuku, kwa bei ya kuvunja moyo. Ndiyo sababu wanawake wa ufuo hutazama mawingu kwa macho ambayo sijayaona mahali pengine. Mvua ya nusu saa inatosha kumaliza kazi ya usiku kucha.

Nilimuuliza juu ya samaki wa zamani. Alihesabu kwa vidole wale aliowala akiwa msichana, na nusu yao mimi sikuwajua. Mbuta, yaani sangara, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na mamia ya aina za fulu zikatoweka au kuwa adimu. Wanasayansi huliandika hilo kama moja ya misiba mikubwa ya viumbe wa maji baridi. Dani analizungumza kwa namna nyingine. Mbuta amemsomeshea watoto, alisema, na kwa hilo hamlaani. Ila anakumbuka ladha ya fulu wa kukaangwa ambao mama yake alikuwa akiwatoa ufuoni kwa kikapu, bila kumwomba mwanamume yeyote.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Wavuvi ni wanaume, wachuuzi ni wanawake, na samaki wakiwa wachache mchuuzi hushurutishwa kulipa kwa mwili wake ili auziwe. Huku tunaiita jaboya, na kila mtu anajua imechangia kiasi gani kuueneza ukimwi katika fuo za Homa Bay. Dani ana wajukuu wa kike na hawaruhusiwi kusimama ufuoni peke yao mashua zinapotua. Huenda nao yeye. Nilimsimulia akina mama wa ufuo wa Nduru ambao mwaka 2011 walianza kumiliki mashua zao wenyewe ili wavuvi wawe waajiriwa wao, na jinsi mafuriko ya ziwa yalivyowarudisha nyuma baadaye. Alitaka kujua kila kitu: mashua ni bei gani, nani alishika fedha, wanaume walisemaje. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mwenye maswali makali namna ile.

Mafuriko hayo yaliacha alama hapa pia. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Nyumba ya kwanza ya Dani sasa ni safu ya miti mikavu iliyosimama ndani ya maji, ndege mnandi wakianika mbawa juu yake. Alihamia juu zaidi mlimani. Kijiji hiki ni cha zamani, kina desturi zake, na ni mbali, hilo ni kweli. Lakini anayekuja akitarajia watu waliosahauliwa na dunia atashangaa. Kuna paneli za sola, simu mkononi mwa kila kijana, na taa za wavuvi ambazo zamani zilikuwa karabai za mafuta sasa nyingi ni za betri. Kilicho mbali ni huduma. Mama akishikwa na uchungu mgumu usiku, hupakiwa katika boti na kuvushwa maji yaleyale niliyokuwa nikiyasifia hapo juu, iwe ni usiku wa dhoruba au wa shwari. Nilikaa na mama mmoja aliyejifungulia katikati ya njia. Mtoto wake anaishi, anatambaa, na jina lake ni la mwenye boti.

Jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika safari zangu za haraka ni lugha. Abasuba, yaani Wasuba, kwa simulizi zao, walivuka ziwa kutoka upande wa Buganda na Busoga wakikimbia vita vya kugombea ukabaka, na lugha yao, Olusuba, ni jamaa wa Kiganda. Ndoa, masoko, shule na makanisa viliwaingiza katika Dholuo, lugha ya Waluo, na leo UNESCO inaihesabu Olusuba kuwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Mchana, ufuoni, kila mtu anasema Dholuo, na kwangu Kiswahili. Lakini jioni rafiki wa Dani alikuja, mzee mwenzake, wakakaa kwenye mkeka, na sauti zao zikabadilika. Walisema Olusuba kwa muda mrefu, wakicheka, wakipishana. Wajukuu walikuwa pembeni wakisikiliza, na walipoulizwa jambo walijibu kwa Dholuo. Walielewa yote. Kusema ndiko hawakuweza. Kuna redio ya jamii kisiwani, EK FM, inayotangaza pia kwa lugha hii, na kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba, na juhudi zao naziheshimu mno. Hata hivyo nilitamani watoto wale waachiwe nafasi kwenye mkeka ule kila jioni, wakilazimika kujibu.

Michoro ya mwambani nayo niliiona, baada ya kupumzika na baada ya kuruhusiwa. Kule Mawanga na Kwitone ni maduara ndani ya maduara, mekundu na meupe, mengine yakiwa na miali kama ya jua. Huaminika kuwa kazi ya Watwa, wawindaji waliokaa hapa kabla ya Wabantu na Waluo kufika. Maduara ya jamii hiyo yako pia Kakapel, Busia. Koo za kisiwani ziliyarithi mahali hapo na kupafanya pa kuombea mvua. Nilipanda na mwelekezi kijana ambaye babu yake alishiriki ibada hizo, na alichonisimulia ni kimya kilichotakiwa njiani: waliopanda kuomba mvua hawakusemezana hadi warudi. Aliniomba mambo mawili, nisiguse na nisimwagie maji mwambani. Wako wageni wanaomwagia ili rangi ing'ae kwenye picha, na kila wanapofanya hivyo rangi inateremka na maji.

Usiku wa giza ufuo huhama na kwenda majini. Nilihesabu taa mpaka zikanichanganya. Upeo wote wa ziwa ulikuwa mji. Omena hufuata mwanga, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na kijiji hubadilika tabia, kinakuwa cha kushona nyavu, harusi na kesi.

Kwa atakayetaka kwenda kwa tanga: uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo Agosti ni mwezi mzuri, na chagua siku ambazo hakuna mbalamwezi. Usiogelee kwenye maji yaliyotulia karibu na majani, kichocho kipo. Vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha wako havai. Wasuba na Waluo wengi wa pwani hii ni Waadventista Wasabato, basi usipange kutua Jumamosi ukitegemea kununua chochote. Beba sukari, majani ya chai na sabuni kwa mwenyeji wako, uzitoe kimya kimya, siyo mbele ya watu. Picha iombe kwa mdomo kabla ya kutoa simu. Na kabla ya kung'oa nanga Dunga, zunguka uulize kama yuko mwenye mzigo wa kwenda kisiwani. Nafasi ndani ya mashua huwa haikosekani, na wa kukuelekeza mwenye mzigo ni wale mama wanaouza samaki wa kukaanga pale mbele, wanajua nani ana ndugu wapi.